Nilimlipia Adui Kodi ya Sanduku

Kwa wale waliofungiwa nyama kwa gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, nitawarudisha nyuma kidogo.

Mimi ni Nasipwondi, mtu wa Bungoma, mkazi wa Kaloleni hapa Kisumu. Kwa miaka kumi na mmoja niliuza vitabu katika duka la Zadock Ouma. Februari mwaka huu wa 1999 stoo ilihesabiwa, na katoni moja ya vitabu vya uuguzi ikakosekana. Nakala ishirini na nne za kitabu cha mwili wa binadamu, kile kinene ambacho kila mwanafunzi wa uuguzi lazima awe nacho.

Karatasi ya kupokea mzigo ilikuwa na sahihi yangu. Mvua ilikuwa inanyesha siku ile, dereva wa lori ana haraka, nikasaini katoni kumi bila kumaliza kuhesabu. Zadock hakutaka kusikia habari za mvua. Alinifukuza mbele ya wateja, akaniita mwizi, na mshahara wangu wa mwezi akaukata.

Nikaapa nitamfungia duka. Watu husema dua la kuku halimpati mwewe. Mimi sikuomba dua, niliagiza vitabu.

Wiki jana nilieleza jinsi Waliaula, mtu wetu wa Webuye aliyerudi kutoka masomoni Kanada, alivyonikalisha mbele ya kompyuta katika ofisi yake ndogo na kunionyesha duka la vitabu la ng'ambo. Duka halina mlango wala muuzaji. Unaandika jina la kitabu, linakuletea bei. Kitabu kilekile ambacho Zadock anauza shilingi elfu tatu mia nane, huko mtu aliyekwisha kukisoma alikuwa anakiachilia kwa dola sita. Ukiongeza gharama ya kusafirisha, kinafika Kisumu kwa elfu moja na mia mbili. Kina mistari ya kalamu ya mwenyewe wa kwanza, ndiyo, lakini mifupa ya binadamu haijabadilika.

Wanafunzi kumi na watano wa uuguzi walinipa pesa. Waliaula akalipa kwa kadi yake ya benki, kompyuta ikasema asante. Nilitoka pale nikicheka peke yangu barabarani, nikimwona Zadock akilini akipangusa vumbi kwenye rafu ambazo hakuna mtu anayezigusa.

Hapo ndipo nilipoishia. Leo naungama jambo ambalo wiki jana nililificha, nalo ni anwani.

Ile kompyuta ilitaka jina la mtaa na namba ya nyumba. Waliaula akaniuliza kama aandike nyumba ya tatu kutoka bomba la maji, Kaloleni. Tulicheka. Kwetu hapa barua haiji nyumbani, inakwenda sanduku la posta, na asiye na sanduku hutumia la mwajiri wake, la kanisa au la shule. Waliaula alinipa sanduku lake bure kabisa, na mtu mwenye akili angeshukuru.

Mimi nilimpa namba ya sanduku la Zadock.

Nilikuwa na ufunguo. Miaka yote kumi na mmoja ni mimi niliyekwenda posta kila asubuhi kuchukua barua za duka, na zangu kutoka kwa mama zilipitia hapohapo. Siku ya kufukuzwa Zadock alininyang'anya funguo za stoo na koti la kazi, ule mdogo wa posta akausahau.

Kesho yake mkewe, Dorca, alikuja chumbani kwangu Kaloleni na kopo la omena, dagaa wetu wa ziwani, na unga wa kilo mbili. Katika mji huu ambao watu wake walishaanza kuniita jamwa, yaani mtu wa kuja, Dorca peke yake ndiye aliyekaa kitandani kwangu akaniambia anajua mimi si mwizi. Nililia hadi kamasi. Nikamnyooshea ufunguo wa posta aurudishe dukani, akanikunja vidole juu yake.

"Kaa nayo," alisema. "Barua ya mama yako itakuja wapi sasa?"

Tangu siku hiyo hakukosa hata mwezi mmoja. Alileta mafuta, alileta sabuni, mara moja alileta viatu. Nilimpenda, na kila nilivyompenda nikamchukia zaidi mumewe.

Basi ukiniuliza kwa nini nilikataa sanduku la Waliaula, nitakujibu bila haya. Nilitaka vitabu vitakavyomuua Zadock vipite mlangoni kwake. Nilitaka jina la duka lake liandikwe juu ya katoni. Mpango ulikuwa kwenda posta mapema, kabla ya mtu wake, nichukue ile karatasi ya taarifa ya kifurushi, nipokee mzigo wangu, na siku moja wakati duka limeshafungwa nimwambie njia uliyopita.

Wiki sita nilikwenda hivyo kila asubuhi, halafu napanda kwenda Otonglo, ninakouza madaftari na vitabu kuukuu vya shule sokoni. Wiki ya saba ufunguo uligoma. Nikautoa, nikaupangusa kwa kanga, nikaurudisha. Nikaona sasa kwamba sanduku limefungwa kwa waya, na juu yake kuna kikaratasi. Kodi ya mwaka haijalipwa.

Nilisimama pale nikacheka kwa uchungu. Nani alikuwa anamkumbusha Zadock kodi ya sanduku kila mwaka? Mimi. Alipomfukuza mwizi wake alifukuza na kumbukumbu yake.

Nilingoja alipe. Siku tatu, siku tano, wiki mbili. Kila asubuhi waya uko palepale.

Siku ya kumi na tano Benta alinifuata Otonglo. Benta ndiye aliyekusanya pesa za wenzake, msichana mpole wa kwao Asembo, na siku hiyo upole ulikuwa umekwisha. Aliniambia mitihani imekaribia, wenzake wanasema maneno, na mmoja wao ana shangazi aliyekuwa dukani siku ile nilipofukuzwa.

"Anti, mimi nilisema hapana, huyu mama si mtu ya kuiba," alisema. "Lakini wamenipa mpaka Ijumaa. Kama vitabu haiko, wanaenda polisi, na mimi ndio nitawapeleka kwako."

Akina mama wa nyanya walikuwa wameacha kuita wateja, wanasikiliza. Ilikuwa Jumanne.

Nilielewa basi kilichokuwa mikononi mwangu. Zamani niliitwa mwizi na moyo wangu ulijua ni uongo, nikapata pa kuegemea. Ijumaa nikiitwa mwizi na wanafunzi kumi na watano waliotoa pesa zao, nani ataamini hata ya kwanza? Jina langu lilikuwa ndani ya kile kisanduku, limefungwa kwa waya.

Jumatano asubuhi nililipa kodi ya sanduku la Zadock Ouma. Nililipa kwa pesa ya mauzo ya madaftari, na faini juu. Karani akaniandikia risiti kwa jina la duka, akasema wakubwa wangu ni watu wa kuchelewa lakini ero kamano, yaani asante, kwa kuja. Mwanamke aliyeapa kumfilisi mtu alikuwa ametoka kumlipia madeni.

Waya ulikatwa, sanduku likafunguka. Ndani mlikuwa na barua mbili za mama, taarifa tatu za kifurushi kwa jina langu kwa hisani ya duka la Zadock, na barua moja ya duka kutoka kampuni ya vitabu ya Nairobi.

Taarifa ya tatu ilikuwa na mstari mwekundu. Kifurushi kisipochukuliwa kufikia Ijumaa saa sita mchana, kitarudishwa kilikotoka.

Ile barua ya Nairobi haikuwa yangu. Naungama tena, niliifungua. Niliifungua kwa sababu ya chuki tu, nikitumaini kuona wanamdai. Nilisimama kando ya dirisha la stampu nikaisoma mara tatu, maana mara ya kwanza macho yalikataa.

Waliandika kwamba wanaomba risiti iliyosainiwa ambayo hawajaipata mpaka sasa. Kwamba kama walivyoeleza katika barua yao ya mwezi wa tatu, ile katoni moja ya vitabu vya uuguzi haikufika Kisumu kabisa, ilipakiwa kimakosa kwenye lori la Eldoret. Kwamba cheki ya kurudisha pesa za vitabu hivyo ishirini na vinne walishaituma pamoja na barua hiyo ya mwezi wa tatu, na benki yao inaonyesha imelipwa.

Mwezi wa tatu. Mimi nilifukuzwa mwezi wa pili.

Miezi sita mizima Zadock alijua sikuiba. Aliipokea pesa ya vitabu, akaila, na mshahara wangu aliokata akaula pia. Jumapili alikuwa anakaa benchi la mbele kanisani, na mimi Otonglo wanawake wanahesabu chenji mara mbili wakinunua kwangu. Niliikunja ile barua.

Nilikwenda dirisha la vifurushi na kitambulisho changu. Yule karani aliangalia karatasi, akaangalia kitambulisho, akatikisa kichwa. Alieleza kwa heshima kwamba mzigo umekuja kwa hisani ya duka, kwa hiyo duka lazima lipige muhuri wake nyuma ya taarifa na mwenye mzigo asaini.

"Ni stamp tu, madam," alisema. "Leta na stamp ya company, unabeba katoni yako."

Msomaji angefikiri nilivunjika moyo. Nilitabasamu. Mungu alikuwa amenipa sababu ya kuingia kwenye lile duka kwa mlango wa mbele.

Jumatano hiyo Zadock hakuwepo. Alikuwa amevuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno kupeleka vitabu shule za Mbita, atarudi Alhamisi mchana. Dorca alikuwepo, na nilimwona kupitia kioo amekaa kwenye meza ya pesa. Tangu ile katoni ipotee Zadock alikuwa amemkabidhi kila kitu, droo, muhuri, daftari la benki. Ningeingia saa ileile angenipigia muhuri bila swali, na leo ningekuwa nawaandikia habari nyingine.

Sikuingia, maana sikutaka muhuri peke yake. Nilimtaka Zadock asome ile barua mbele ya wateja, kama mimi nilivyovuliwa koti mbele ya wateja, na nilimtaka mkewe awepo aone aliolewa na mtu gani. Miezi saba mwanamke huyo alikuwa ananilisha kwa siri. Nilijiambia namlipa wema wake kwa ukweli.

Usiku ule nililala vizuri kuliko siku zote za mwaka huo.

Alhamisi saa tisa na nusu nikaingia. Nilivaa vile viatu alivyonipa Dorca. Walikuwepo walimu wawili wa shule ya msingi wakichagua atlasi, na mama mmoja na mtoto wake. Niliona wanatosha.

Zadock alinitazama juu ya miwani. Amenenepa, mashavu yanang'aa. Aliniuliza kama nimekuja kuhesabu katoni zilizobaki. Mwalimu mmoja akacheka.

Niliweka ile taarifa ya kifurushi mezani. Niliongea kwa adabu kuliko nilivyowahi kuongea na mtu, nikamwambia nina mzigo posta uliokuja kwa anwani ya duka, na ninaomba muhuri.

"Sanduku yangu?" aliuliza, akiniita binti wa Bungoma kwa Kiluo. "Nyar Bungoma, wewe bado unatumia sanduku yangu?"

Nikaweka ufunguo juu ya taarifa. Nikaweka na risiti ya kodi. Nilimweleza kwamba ndiyo, natumia, na kwamba kama si mimi sasa hivi barua zake zingekuwa bado zimefungwa kwa waya. Aliichukua risiti akaisoma, akaanza kupiga kelele za polisi na wizi wa ufunguo.

Dorca alinyanyuka. "Wacha, Mzee," alisema. "Ufunguo ni mimi nilimwachia. Ni stamp tu, kwani inakula nini?"

Alivuta droo, akatoa muhuri na kile kibweta cha wino. Akageuza taarifa yangu upande wa nyuma, akailainisha kwa kiganja. Alinikonyeza kidogo, ile namna yake ya kuniambia yataisha. Akabonyeza muhuri kwenye wino, akauinua.

Vitabu vyangu kumi na vitano vilikuwa chini ya mkono ule. Benta, wenzake, Otonglo, jina langu, vyote. Ningenyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi moja tu.

"Ngoja kidogo, Mama," nikasema. "Mzee asome hii kwanza."

Nikamkabidhi Zadock barua ya Nairobi, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa walimu, nikamwomba aisome taratibu, hasa pale palipoandikwa mwezi wa tatu. Nilimwambia miezi sita amekula pesa ya katoni na amekula jina langu, na leo ayateme mbele ya watu.

Alisoma. Nilikuwa nimeungoja uso ule tangu Februari, na nilikuwa nimeupanga kichwani ungekuwaje. Kwanza angekasirika, kisha angejitetea, mwisho angeniomba tuongee nje.

Hakufanya hata moja. Alifika mwisho wa barua akarudi mwanzo, midomo ikicheza kama ya mtoto anayejifunza herufi. Jasho lilimtoka. Alipoinua kichwa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Cheki gani?" aliuliza.

Nikamwambia asinichezee, cheki imeandikwa hapo. Hakunisikia.

"Mimi benki naenda siku gani?" alisema. "Sijui hata hiyo benki imehamia wapi. Cheki gani hii?"

Na hapo nikaona kwamba hakuwa anaongea na mimi. Macho yake yalikuwa yamegeuka upande wa meza ya pesa.

Nami nikageuka.

Dorca alikuwa amesimama na muhuri hewani, palepale nilipomzuia. Kopo la omena lilinijia akilini, na unga, na sabuni, na vidole vyangu vikikunjwa juu ya ufunguo. Nikakumbuka siku ya kwanza aliponiambia anajua mimi si mwizi. Siku ile labda aliamini tu, kumbe mwezi mmoja baadaye aliipata hata karatasi ya kuthibitisha, akaificha pamoja na cheki. Nilikuwa nimekula pesa zangu mwenyewe, kilo mbili kwa kilo mbili, na kushukuru.

Walimu walikuwa wameacha atlasi. Mtoto akamuuliza mamake kuna nini, mamake akamnyamazisha.

Dorca hakumtazama mumewe hata mara moja. Alinitazama mimi, bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Nasipwondi," alisema polepole, "si ningekuwa nimeshapiga."

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Taarifa yangu ilikuwa mezani, nyuma yake nyeupe, na kesho saa sita katoni inarudi ng'ambo. Nilinyoosha mkono. Sijui nilitaka kuuchukua muhuri au kumshika yeye.

Alirudi hatua moja, akafungua mkoba wake, akautumbukiza ndani muhuri ukiwa bado unadondoka wino, akavuta zipu.